Sare Aliyoivaa Jenerali China

Jumamosi moja alasiri, nikiwa nyumbani kwangu hapa Kitengela nikisahihisha insha za Kidato cha Tatu, alibisha hodi kijana niliyemfundisha Historia kwa miaka miwili. Mkononi alishika bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwamo cheti chake cha mtihani, kitambulisho, na karatasi nyeupe ambayo alitaka niiandike barua ya kumpendekeza, kwa kuwa siku ya kuwaandikisha makurutu wa jeshi huko Kajiado ilikuwa imekaribia.

Habari zake nilikwisha kuzipata. Mama yake alikuwa amenipitia siku mbili kabla, akaniomba nimkataze. Baba yake naye, mzee mfugaji, alikuwa ameshapatana bei ya mbuzi kumi na wawili ili fedha zao apewe dalali mmoja aliyejigamba kuwa anaweza kumpenyeza mtoto jeshini. Basi kijana alikuwa ameketi mbele yangu, mama akimvuta huku, baba akimsukuma kule, na mimi nimewekwa katikati kama mwamuzi wa mchezo nisioujua kanuni zake.

Walimu wenzangu, mngemwambia nini? Kumwambia kwamba jeshi ni baya ni kusema uongo. Askari hulipwa mshahara usiokawia, hutibiwa, hupewa makao, na akistaafu ana pensheni. Kijana wa Kitengela aliyemaliza Kidato cha Nne huamka alfajiri akasimame langoni mwa viwanda vya Athi River, akingoja kuitwa kwa kibarua cha siku moja. Kumwambia kwamba jeshi ni jema tupu ni uongo wa pili. Tangu Oktoba 2011 majeshi yetu yalipovuka mpaka kuingia Somalia, yako majeneza yaliyorudi yamefunikwa bendera. Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya El Adde ilivamiwa, na ziko nyumba humu nchini ambazo tarehe hiyo haitamkwi.

Kijana akaniambia kwa fahari kwamba yeye ni mwana wa morani na vita ni jadi yao. Nilimkumbusha kwamba mwaka 1918, serikali ya kikoloni ilipotaka kuwaandikisha morani kwa nguvu, Wamaasai wa Ololulunga kule Narok walikataa, na askari wa Keya wakawafyatulia risasi. Jadi yake, kama ni hiyo, ina pande mbili. Kisha nikasogeza insha kando nikamsimulia habari za Waruhiu Itote.

Itote alizaliwa mwaka 1922 katika wilaya ya Nyeri. Alipata elimu kidogo tu ya shule, akatoroka kwao akaingia Nairobi kujaribu biashara ya mboga. Huko alikuta kwamba Mwafrika hakuzuiwa na uvivu wala ujinga; alizuiwa na leseni. Milango ya riziki ilipomfungia, mwezi wa Januari 1942 aliingia Keya, yaani jeshi la mfalme lililowakusanya askari wa Afrika Mashariki. Nataka wanafunzi walizingatie hilo. Hakusukumwa na mapenzi kwa mfalme wala na chuki kwa Mjapani, ambaye hakuwa amemwona hata siku moja. Alitaka kazi, kama huyu wangu wa bahasha.

Baada ya mafunzo huko Tanganyika alivushwa bahari hadi Ceylon, kisha akapelekwa Burma. Waliopita katika mabonde yale wakati wa mvua walisema kwamba adui wa kwanza alikuwa tope, wa pili malaria, na Mjapani alishika nafasi ya tatu. Itote alipanda cheo hadi koplo. Alijifunza kuvizia, kulala bila moto, kuweka walinzi, kuusoma msitu kwa masikio pale macho yasipofika mbali. Alijifunza pia jambo ambalo wakufunzi wake hawakukusudia kulifundisha: kwamba risasi haibagui rangi, na kwamba yule bwana aliyekuwa mungu mdogo kule Nyeri hutetemeka handakini kama mtu mwingine yeyote.

Humo humo vitani palitokea mazungumzo ambayo yeye mwenyewe aliyaeleza baadaye katika kitabu cha maisha yake kilichochapishwa mwaka 1967. Askari mmoja Mwingereza alimshangaa kwa kufa na njaa na mbu akipigania uhuru wa wengine ilhali nyumbani kwake hana uhuru. Mjini Calcutta alikutana na Mwamerika mweusi, naye akamsimulia jinsi watumwa wa Haiti walivyojikomboa. Wahindi aliozungumza nao walikuwa wakihesabu siku za kuondoka kwa Mwingereza. Hakuna shule ya Nyeri wakati ule ambayo ingemfundisha hayo. Mimi nimefundisha Historia miaka mingi, na nakiri kwa uchungu kidogo kwamba somo lililombadilisha mtu huyu hakulipata darasani.

Vita vilikwisha, Itote akarudi. Hapa ndipo penye faida na hasara zilizofungwa pamoja katika mzigo mmoja. Askari Wazungu waliorudi kutoka vita vile vile walitengewa mashamba katika nyanda za juu kwa mpango rasmi wa serikali. Koplo Itote alirudia vibarua, hatimaye akawa mchochea moto katika injini za garimoshi za shirika la reli. Wenzake karibu laki moja walitoka Kenya kwenda vita hivyo, na waliobahatika kurudi walikuta kipande, ubaguzi na mshahara wa kimaskini vikiwangoja stesheni. Akajiunga na chama cha KAU, akaingia katika harakati za wafanyakazi, na mwaka 1950 akala kiapo.

Mwaka 1952 aliingia msitu wa Mlima Kenya, akaitwa Jenerali China, akawa kiongozi wa wapiganaji wa upande ule. Yote aliyolipiwa na Mwingereza kujifunza Burma, sasa aliyatumia dhidi ya Mwingereza: vikosi vidogo, ulinzi wa kambi, wapelelezi, nidhamu. Dedan Kimathi, aliyeongoza upande wa Nyandarua, alipata kuwa jeshini kwa muda mfupi tu. Tofauti ya malezi hayo mawili ya kivita ni jambo linalofaa kuchunguzwa na wanafunzi wetu, ingawa sitalichimba hapa.

Lakini nani waliotumwa kumsaka Itote msituni? Pamoja na vikosi vilivyoletwa kutoka Uingereza, walikuwa askari wa Keya. Walivaa sare aliyoivaa yeye. Waliamriwa kwa Kiswahili kile kile cha kambini alichoamriwa yeye. Tarehe 15 Januari 1954 alijeruhiwa kooni kwa risasi, akatiwa mbaroni. Ofisa wa polisi Ian Henderson alimhoji kwa muda wa saa 68. Februari mwaka huo mahakama iliyokaa Nyeri ilimhukumu kunyongwa.

Kijana wangu alidhani hadithi inaishia kwenye kitanzi, kama ya Kimathi mwaka 1957. La. Itote alikubali kuwaandikia wenzake walio msituni ili pawe na mazungumzo ya kusalimisha silaha, na mwezi Machi hukumu yake ikabadilishwa kuwa kifungo. Wako waliomwita msaliti, nao walikuwa na sababu zao. Wako waliosema kwamba mtu aliyeona vita viwili anajua kuliko wengine wakati wa kuvimaliza. Mimi nimebadili mawazo juu yake zaidi ya mara moja, na wanafunzi wangu hunibana vilivyo kwa hilo. Tujualo ni kwamba mapema Aprili 1954 askari wa Keya walipambana na wapiganaji waliokuwa wamesogea karibu, watu wakauawa, na mazungumzo yakavunjika. Sare ile ile tena.

Alipelekwa Lokitaung, katika joto la Turkana, akafungwa pamoja na Jomo Kenyatta na wenzake. Mmoja wao, Bildad Kaggia, alikuwa naye amewahi kuwa karani wa jeshi wakati wa vita. Kenyatta alimfundisha Itote Kiingereza gerezani, na wafungwa walipogawanyika, Itote alisimama upande wa mwalimu wake. Aliachiliwa mwaka 1962. Baada ya uhuru, jeshi jipya la Kenya halikujengwa juu ya wapiganaji wa msituni. Lilirithi vikosi vya Keya. Itote alipata mafunzo Israel, kisha akapewa cheo katika Huduma ya Vijana kwa Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Miaka mingi ya maisha yake yaliyosalia aliitumia kuwalea vijana waliovaa sare, wakapiga gwaride, halafu wakaenda kuchimba mabwawa na kujenga barabara. Alifariki mwaka 1993.

Hapa kijana aliniuliza swali ambalo walimu hatulipendi: je, Itote angeambiwa aanze upya, angeingia Keya? Nilimjibu kwamba bila Keya pengine asingekuwa Jenerali China, bali mwuza mboga asiyejulikana. Lakini jeshi halikumpa ujuzi ule ili aufanyie mambo yake. Lilimpa ili aelekeze bunduki alikoelekezwa. Keya waliomwinda hawakuwa watu waovu. Walikuwa vijana waliotaka kazi, na siku walipoandikishwa hakuna aliyewaambia kwamba watapelekwa Mlima Kenya.

Nikamwuliza na mimi langu. Juni 2024, maandamano ya vijana yalipofika hata hapa Kitengela, na wanajeshi wakaamriwa kuwasaidia polisi, yeye alikuwa wapi? Aliinamisha kichwa akacheka. Alikuwa barabarani. Nikamwuliza, je, kama angekuwa ndani ya gari la jeshi? Hakujibu, nami sikumshurutisha, kwa maana mtu mzima mwenye kazi na pensheni hapaswi kumdai kijana asiye na kazi jibu la haraka.

Niliiandika ile barua. Niliandika yaliyo kweli: kwamba ni mwaminifu, ana mbio, na husoma zaidi ya anavyoagizwa. Kwa baba yake nilimtuma ujumbe mmoja tu, kwamba jeshi lenyewe hutangaza kila mara kuwa kuandikishwa ni bure, na mbuzi wale wabaki zizini. Dalali huyo akimpata mnunuzi mwingine, shauri yake.

Kijana aliondoka na barua pamoja na nakala yangu kuukuu ya kitabu cha Itote, ambayo hajairudisha. Mama yake bado hajanijia. Namwona sokoni kwa mbali, nami bado sijajua nitamwanzia wapi.