Mpiga Kinanda Aliyehesabu Viwingu vya Mbinguni

Wapo wanaodhani kwamba elimu ya falaki ni mali ya mataifa tajiri na ya wenye shahada za chuo kikuu. Maisha ya William Herschel, aliyefariki zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, yanaivunja dhana hiyo. Kwa sababu hiyo twaona yafaa kuyaeleza mbele ya wasomaji wetu wa visiwani na wa ofisi za serikali.

Herschel alizaliwa Hanover, Ujerumani, tarehe 15 Novemba 1738. Baba yake alikuwa mpiga zumari katika bendi ya jeshi, na mwana naye akaingia bendi hiyo hiyo angali kijana mdogo. Vita vilipopamba moto mwaka 1757, alihamia Uingereza kutafuta riziki kwa muziki. Mwaka 1766 akapata kazi ya kupiga kinanda kanisani katika mji wa Bath. Hiyo ndiyo iliyomlisha na kumvisha. Hakuna aliyemwajiri atazame nyota.

Kuanzia mwaka 1773 alishikwa na hamu ya kuzijua mbingu. Bei ya darubini kubwa ilimshinda, akaamua kujitengenezea. Zama zile kioo cha darubini kilikuwa cha madini: shaba na bati ziliyeyushwa pamoja, zikamiminwa katika kalibu, kisha bamba likasuguliwa mpaka likang'aa. Siku moja alisugua kwa saa 16 bila kuinua mkono, na dada yake Caroline akawa anamtia chakula kinywani tonge baada ya tonge. Mwaka 1781 tanuri lilivuja, madini ya moto yakamwagika, na mawe ya sakafu yakaruka vipande vipande huku watu wakikimbia kujiokoa. Hakukata tamaa.

Usiku wa tarehe 13 Machi 1781, akiwa katika bustani ya nyuma ya nyumba yake, aliiona nukta iliyokuwa pana kuliko nyota. Ilikuwa sayari ya Uranus, ya kwanza kugunduliwa kwa darubini. Mwaka uliofuata Mfalme George wa Tatu alimpa posho ya pauni 200 kwa mwaka, naye akauaga muziki wa kulipwa.

Hata hivyo, kazi tunayoienzi zaidi ni ile ya viwingu hafifu. Mnamo mwaka 964 mwanafalaki Abd al-Rahman al-Sufi, bila darubini yoyote, alikwisha kuandika habari za kiwingu kidogo katika kundinyota la Andromeda. Charles Messier wa Ufaransa naye aliorodhesha vitu vipatavyo mia moja vya namna hiyo. Herschel, kuanzia mwaka 1783 hadi 1802, aliorodhesha 2,500.

Alisimama juu ya jukwaa, darubini ya futi 20 ikiwa imeelekezwa mahali pamoja, na mbingu zikipita mbele yake. Kila alipoona kitu alipaza sauti, na Caroline akaandika saa na mahali pake. Usiku wa kufunga mwaka 1783, Caroline aliteleza thelujini na kuchomwa pajani na ndoano ya mitambo, lakini baadaye akarudi kazini. Yeye mwenyewe aligundua nyota nane zenye mkia, na tangu mwaka 1787 akalipwa mshahara wa pauni 50 kwa mwaka. Tumtajapo kaka bila dada, twamdhulumu.

Herschel alikisia kwamba baadhi ya viwingu hivyo ni mikusanyo ya nyota iliyo mbali mno, kisha akaingiwa na shaka. Alifariki tarehe 25 Agosti 1822 kabla ya kupata jibu. Miaka ya 1920 ndipo Edwin Hubble alipothibitisha kwamba kiwingu cha Andromeda ni galaksi kamili, nje ya Njia Nyeupe yetu. Leo tunajua kuwa nuru yake husafiri miaka milioni mbili na nusu kabla ya kutufikia.

Mwanawe, John Herschel, alilazimika kusafiri mpaka Rasi ya Tumaini Jema na kukaa huko tangu 1834 hadi 1838, kwa kuwa anga ya kusini haionekani yote kutoka Uingereza. Sisi hatuhitaji safari hiyo. Ilala ipo nyuzi saba hivi kusini ya ikweta. Andromeda hupita kaskazini kwetu jioni za Novemba, na Mawingu ya Magellan, galaksi jirani zetu, hupita kusini.

Kinachotunyima ni mwanga. Taa za Kariakoo zinazotazama juu huufuta uwingu huo machoni pa mtoto wa Ilala, ilhali mwenzake wa Pemba au Mafia angali anauona kutoka ufukweni. Hatusemi mitaa iwe giza. Usalama wa raia ni wajibu. Twasema taa ifunikwe juu, imulike barabara badala ya mbingu. Wakuu wa Jiji na wa visiwani wanaweza kulizingatia hilo kila wanaponunua taa mpya.

Na shule zetu zisingoje darubini ya msaada. Gerezani wapo mafundi wa vyuma ambao mikono yao haipungukiwi na ile ya mpiga kinanda wa Bath. Mwalimu wa fizikia akikaa nao, bomba na kiguu cha darubini vitapatikana papa hapa Ilala, na kitakachobaki kununuliwa ni vioo tu.