Mchungaji Oberlin na Bustani za Watoto

Wako wazazi katika sharika zetu za Tanga, Muheza na Pangani ambao hunung'unika wakiona mtoto wao wa chekechea amerudi nyumbani ana udongo magotini. Hudai kwamba walimpeleka kujifunza herufi, wala si kulima. Manung'uniko yao hatuyadharau. Wengi wetu tulipokuwa wanafunzi jembe lilikuwa adhabu: aliyechelewa alilimishwa, aliyepiga kelele alilimishwa, hata tukakua tukiiona ardhi kuwa ni ndugu yake fimbo. Kwa ajili hiyo tumeona vema mwezi huu kuwasimulia habari za mchungaji mmoja wa Kilutheri aliyewatia watoto wadogo mikononi mwa bustani kwa njia nyingine kabisa.

Johann Friedrich Oberlin alizaliwa mjini Strasbourg tarehe 31 Agosti mwaka 1740. Alisoma elimu ya dini mjini humo, na mwaka 1767, akiwa kijana wa miaka ishirini na sita, akaitwa kwenda Waldersbach, katika milima ya Vosges, nchi ya Ufaransa. Mahali pale Wajerumani hupaita Bonde la Mawe, na jina lile lilistahili. Usharika ulikuwa na vijiji vitano vilivyotawanyika mlimani: Waldersbach, Fouday, Belmont, Bellefosse na Solbach. Udongo ulikuwa haba, tena mvua ilikuwa ikiuchukua na kuushusha mtoni. Baridi ilikaa muda mrefu. Njia ya kwendea mjini ilikuwa mbaya, hata mtu akivuna kitu hakuweza kukifikisha sokoni, na akitaka jembe jipya hakuwa na pa kulipata. Mchungaji Stuber aliyemtangulia alikuwa amekwisha kuanza kazi njema ya shule, naye Oberlin akaijenga juu ya msingi ule.

Watu hawakumpokea kwa furaha. Wengine walifanya shauri la kumvizia wampige, maana walimwona kijana wa mjini anayetaka kugeuza desturi zao. Oberlin alipopata habari hakukimbia. Aliwaendea nyumbani walimokusanyika akajitoa mbele yao, nao wakaona haya. Hata alipowaambia kwamba inafaa kuchimba barabara na kujenga daraja, walicheka. Basi akatwaa sururu begani akaenda kuchimba mwenyewe, pamoja na mtumishi wake. Siku baada ya siku wengine wakaja, hata barabara ikapatikana, na daraja juu ya mto Bruche.

Hivyo ndivyo alivyofanya na mashamba pia, na hapa tungependa kukaa kidogo. Alijua ya kuwa mkulima hapendi kufundishwa kilimo na mtu wa vitabu. Hata kwetu ni hivyo. Kwa hiyo hakuhubiri habari za miti. Alikuwa na viwanja viwili vya nyumba ya mchungaji, vimekatwa na njia ambayo watu wote walipita. Akachimba humo mahandaki marefu yenye kwenda chini kiasi cha futi nne au tano, akayajaza udongo mwema na mbolea, akapanda miche ya matofaa, mapeasi na matunda mengine. Watu walikuwa wakipita bila kusema neno. Miaka ikaenda, miti ikastawi pale pale ambapo kila mtu aliamini kwamba haioti kitu, na wapitaji wakaanza kusimama na kuuliza. Ndipo alipowafundisha kupandikiza kikonyo cha mti mwema juu ya shina la mti wa mwitu. Akawaonyesha pia kwamba majani makavu, mabua, taka za nyumbani, hata matambara yaliyooza, si vitu vya kutupwa bali ni chakula cha shamba. Mbegu za viazi ulaya zilizokuwa zimedhoofika akaleta nyingine mpya, tena akaagiza mbegu za kitani kutoka Riga.

Lakini hasa aliwatazama watoto. Wazazi walipokwenda mashambani, wadogo wasioweza bado kwenda shule walibaki peke yao wakizurura. Katika kijiji cha Belmont binti mmoja, jina lake Sara Banzet, alikuwa ameanza kuwakusanya na kuwafundisha kufuma soksi. Oberlin na mkewe, Madeleine-Salomé, walipoona kazi yake wakaishika, na kutoka mwaka 1770 hivi shule za namna hiyo zikafunguliwa katika vijiji, chini ya wanawake walioitwa waongozi. Hizi zahesabiwa miongoni mwa shule za kwanza za watoto wadogo katika Ulaya yote, kiasi cha miaka sabini kabla ya Mjerumani Fröbel kubuni mwaka 1840 jina la bustani ya watoto.

Waongozi hawakuwakalisha watoto mchana kutwa. Wadogo kabisa waliachwa wacheze. Wakubwa walifuma na kusokota, huku wakiimba na kutazama picha za Biblia, za wanyama na za mimea, pamoja na ramani ya vijiji vyao wenyewe. Kisha wakatoka nje. Wakati wa baridi walijifunza majina ya mimea na nguvu zake, ipi ni dawa, ipi ni sumu; na jua liliporudi wakaitafuta mwituni, wakaing'oa kwa uangalifu na kuihamishia katika vibustani vyao. Wazazi walimtengea kila mtoto kipande kidogo cha ardhi, kikawa chake. Hakulimishwa, alilima. Mtoto aliyeona mche wake mwenyewe unakauka kwa sababu amesahau kuumwagia maji hakuhitaji tena kuhubiriwa habari za uangalifu.

Tena Oberlin aliweka desturi moja ambayo itawashangaza waalimu wa kipaimara. Kijana hakupokelewa kipaimara mpaka alete hati ya wazazi wake kushuhudia kwamba amepanda miti miwili. Twajua kwamba wengine watauliza, na waulize kwa haki: je, neema ya Mungu yanunuliwa kwa miche? Sisi Walutheri hatuwezi kulijibu swali hilo kwa kusitasita. Hainunuliwi. Kama kijana ana imani na mche wake umeliwa na mbuzi, asizuiliwe mezani pa Bwana. Na katika jambo hili hatumfuati Oberlin mpaka mwisho. Lakini twaona alilokusudia: kwamba kijana anayeungama imani kwa Mungu Muumba asiiache nchi ya Muumba ikiwa uchi. Mwalimu aweza kupanda miti pamoja na wanafunzi wake kama tunda la mafundisho, bila kuifanya iwe mlango wake.

Jambo hili latugusa, maana milima ya Usambara, Injili ilikofika Mlalo mwaka 1891, imelia kwa kupoteza udongo wake. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianza mpango mkubwa katika bonde la Mlalo ili kuuokoa udongo kwa matuta. Kusudi lilikuwa jema, lakini kazi ililetwa kwa amri, watu wakaichukia, na katika miaka ya 1950 mpango ukaanguka. Aliyeshurutishwa kulima tuta hulibomoa siku mlinzi akiondoka. Na huku pwani, anayekata mikoko leo ndiye aliyekuwa mtoto jana, asionyeshwe na mtu mahali samaki na kamba wanapolelea watoto wao.

Tusidhani kwamba maisha ya Oberlin yalikuwa mepesi. Mkewe alifariki mwaka 1783, akamwachia watoto saba. Wakati wa mapinduzi ya Ufaransa mwanawe wa kwanza aliuawa vitani, na mwaka 1794 yeye mwenyewe alikamatwa, akafunguliwa baada ya serikali ya vitisho kuanguka. Habari yasimuliwa pia kwamba aliacha sukari na kahawa, kwa kuwa zilitoka katika mashamba ya watumwa. Sisi wa pwani hii, ambao mababu zetu waliona miwa ya Pangani ikikatwa na mikono ya watumwa, twaisikia habari hiyo kwa namna yetu. Wala hatutaficha kwamba alikuwa na mambo ya ajabu: alichora ramani za makao ya mbinguni, na kusadiki kwamba marehemu mkewe humtembelea. Hayo tumwachie mwenyewe.

Mwaka 1815 mlima Tambora, katika visiwa vya Indonesia, ulilipuka. Na katika miaka ya 1816 na 1817 majira yakaharibika Ulaya, mavuno yakaoza na njaa ikaingia. Bonde la Mawe nalo liliumia, lakini viazi vilivyotunzwa vikawa tegemeo lao kubwa. Mwaka 1818 chama kikuu cha kilimo cha Ufaransa kilimpa Oberlin nishani ya dhahabu. Alifariki tarehe 1 Juni mwaka 1826, akiwa na miaka themanini na mitano, akazikwa Fouday. Alikuwa amekaa katika usharika ule mmoja kwa muda wa miaka hamsini na tisa.

Yatubakia kumtaja Louise Scheppler, msichana wa Bellefosse, aliyeingia nyumbani kwa mchungaji angali kijana. Mama wa nyumba alipofariki aliwalea wale saba, akaomba asilipwe mshahara tena bali ahesabiwe kuwa binti wa nyumba, akaziangalia shule za watoto katika vijiji vyote. Mwaka 1829 wakuu wa elimu mjini Paris walimpa tuzo ya faranga 5,000 kwa ajili ya wema wake. Fedha zile alizitoa kwa shule za watoto wadogo, akaendelea na kazi yake kama kwanza, hata alipofariki mwaka 1837.