Bibi Salme, Binti wa Mtoni

Hapa Dagoretti Corner, jijini Nairobi, tupo watu wa pwani tuliokuja kutafuta riziki, na baada ya sala ya isha mazungumzo hayakosekani. Majuzi yalizuka ya Bibi Salme wa Unguja. Kijana mmoja alimsifu kuwa ni shujaa wa mapenzi. Mzee mmoja hakutaka hata jina lake litajwe, kwa kuwa aliritadi. Nimeona bora niyaeleze maisha ya bibi huyo, kila mmoja apime mwenyewe.

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni. Babake ni Seyyid Said bin Sultan, na mamake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi. Wasichana wa jumba lile walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika, la. Salme akajifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Katazo lile, wasomaji wangu, lilikuwa la mila, halikuwa la dini. Nasi watu wa pwani tungali twayachanganya mawili hayo.

Kalamu ile ndiyo iliyomponza. Mwaka 1859 nduguye Barghash alipotaka kumpindua Seyyid Majid, Salme, binti wa miaka 15, ndiye aliyewaandikia barua. Njama zikashindwa, Barghash akapelekwa Bombay. Baadaye Salme akapatana na Majid, na wale wa upande wa Barghash wakamsusa.

Akabaki mpweke mjini. Jirani yake alikuwa Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg, na nyumba za Mji Mkongwe zimesongamana hata watu huonana dari kwa dari. Mapenzi yakaingia, mimba ikafuata. Hapo si mila tena: sheria yetu haimruhusu Mwislamu mwanamke kuolewa na asiye Mwislamu, na katika hili mzee wetu ana haki. Mwezi wa Agosti 1866 Salme alitoroka kwa manowari ya Kiingereza, Highflyer, hadi Aden, akajifungua huko mtoto wa kiume. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa, akaitwa Emily, na siku hiyo hiyo akaolewa na Ruete. Mtoto yule hakuishi.

Wanaomsifu hukomea hapa, kama hadithi zinavyokomea harusini. Salme alikwenda Hamburg, kwenye baridi na lugha asiyoijua, akazaa watoto watatu. Mwezi wa Agosti 1870 mumewe alianguka akishuka kwenye tramu ya farasi, akafariki. Ndoa ilidumu miaka mitatu, na mjane hakuwa ametimiza miaka 26. Mwaka huo huo Majid naye alikufa, na aliyekalia kiti ni Barghash, ambaye hakusahau.

Mwaka 1885 Salme alirudi Unguja, lakini ndani ya meli ya Wajerumani. Bismarck alikuwa akimshinikiza Barghash juu ya ardhi za bara, na bibi yule na madai yake ya urithi akawa karata mkononi mwake. Wajerumani walipopata walichokitaka, karata ikatupwa. Barghash hakukubali hata kuonana naye. Mimi naliona hilo kuwa ndilo dhuluma kubwa kuliko zote alizotendewa. Mwaka 1888, Barghash akiisha kufa, alijaribu tena, na Seyyid Khalifa naye akamkatalia.

Kitabu cha maisha yake kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1886. Mkono uliojifunza kwenye mfupa wa ngamia ukawahadithia Wazungu habari za Mtoni, na mara nyingi ukawatetea Waislamu mbele yao. Barua zake, zilizochapishwa baada ya kufa kwake, zaonyesha moyo usiotulia katika dini mpya. Hesabu yake iko kwa Mola wake.

Aliishi Beirut miaka mingi, akafariki Jena, Ujerumani, mwaka 1924. Alizikwa Hamburg pamoja na mumewe, na kifuko cha mchanga wa Unguja. Mwanawe, Rudolph Said-Ruete, aliandika kitabu juu ya babu yake, Seyyid Said, kikatoka London mwaka 1929.