Jim Clark: Bingwa wa mbio za magari kutoka ushago

Ukidhani mbio za magari ni za watoto wa mjini, mjue Jim Clark. Alizaliwa Uskoti mwaka wa 1936, akalelewa shambani Edington Mains, katika bonde la mto Whiteadder. Alikuwa mvulana pekee mwenye dada wanne, na wazazi hawakutaka kusikia habari za mbio. Lakini mwaka wa 1956 rafiki yake alimwachia gari lake aina ya DKW ashindane. Kuanzia hapo, nani angemzuia? Alitwaa ubingwa wa Formula 1 mwaka wa 1963 na 1965, kisha akafa mbioni Hockenheim, Ujerumani, mwaka wa 1968, akiwa na miaka 32 tu. Kwenye kaburi lake kijijini Chirnside ameandikwa mkulima kwanza, bingwa baadaye. Sasa wewe, mbona ukiulizwa ushago kwenu ni wapi unanong'ona?