Charles Kettering, baba wa stata: kabla hujanunua CDI nyingine, soma hii

Leo nawaletea habari za jamaa aliyekufa zamani sana, mwaka 1958, lakini kila asubuhi ukibonyeza stata ya pikipiki unamtumia bila kujua. Anaitwa Charles Kettering, Mmarekani. Ila kabla sijafika Marekani nianzie Mlandizi, maana huko ndiko nilikomkumbuka.

Nilikuwa Mlandizi, Kibaha, natafuta usafiri wa kwenda Mzenga, upande wa Kisarawe. Dogo mmoja wa bodaboda akakubali kunipeleka. Tumepanda, akabonyeza stata: tik. Akabonyeza tena: tik tik tik, basi. Kiki yenyewe ilishakatika siku nyingi, kwa hiyo tukaisukuma hadi kwa fundi aliyekuwa chini ya mwembe. Fundi hata testa hakushika. Akasema CDI imekufa. Dogo akatoa hela ambayo ni hesabu ya siku mbili ya bosi wake, CDI mpya ikaletwa, ikachomekwa. Akabonyeza stata. Tik tik tik.

Nikabaki najiuliza, hivi CDI na stata vinahusiana wapi? Jibu la swali hilo ndiyo maisha ya Kettering.

Alizaliwa tarehe 29 Agosti 1876 kwenye shamba karibu na kijiji cha Loudonville, jimbo la Ohio. Mtoto wa mkulima, shule za kijijini, na macho mabovu kupita kiasi. Akisoma kidogo kichwa kinauma. Alifundisha shule kwanza, akaenda chuo kikuu cha jimbo, macho yakamrudisha nyumbani. Akafanya kazi ya kuchimba mashimo na kusimika nguzo za simu, na huko ndiko alikoshika waya kwa mara ya kwanza kama kazi. Akarudi chuoni, akamaliza uhandisi wa umeme mwaka 1904 akiwa na miaka karibu 28. Yaani wakati wenzake walishakuwa na vyeo, yeye ndiyo anatoka darasani.

Akaajiriwa na kampuni ya National Cash Register ya mji wa Dayton, waliokuwa wakitengeneza zile mashine za dukani za kuhesabia pesa. Zama hizo muuzaji alikuwa anazungusha mkono wa chuma ili droo ifunguke. Kettering akapewa kazi ya kuweka umeme. Wataalamu waliona haiwezekani, kwa sababu mota yenye nguvu ya kufungua ile droo ingekuwa kubwa kuliko mashine yenyewe. Jamaa akaona kitu ambacho wenzake hawakukiona: mota ya dukani haizunguki siku nzima. Inafanya kazi sekunde moja, inapumzika. Mota ndogo unaweza kuibebesha mzigo mara kadhaa ya uwezo wake, mradi iwe ni kwa muda mfupi, kisha uiache ipoe. Mashine ikafanya kazi mwaka 1906.

Kumbuka hiyo habari ya sekunde na kupumzika, tutairudia.

Bosi mmoja pale kiwandani, Edward Deeds, alikuwa na banda nyuma ya nyumba yake. Kettering na wenzake wakawa wanakutana humo usiku baada ya kazi, wanahangaika na umeme wa magari. Magari ya wakati ule yalikuwa vurugu tupu. Moto wa plagi unatoka kwenye betri kavu zinazoisha au kwenye sumaku, taa ni za gesi, na kuwasha ni kwa hendeli. Wazee waliowahi kuwa matanboi wa malori ya zamani wanaijua hendeli: injini ikirudi nyuma inakuvunja mkono. Madaktari wa Ulaya na Marekani walifikia kuupa aina yake ya mvunjiko jina la madereva.

Kwanza wakatengeneza mfumo wa moto wa plagi unaotumia betri, koili na pointi. Henry Leland, mkuu wa Cadillac, akaagiza seti 8,000. Hapo ndipo Kettering na Deeds walipoanzisha kampuni yao mwaka 1909, Delco. Pikipiki au gari lolote la zamani ulilowahi kuona fundi akilisugulia pointi kwa msasa, huo ni mfumo wa Kettering. CDI imekuja kuziondoa pointi, lakini kazi ni ileile: kuamua sekunde gani koili ipige moto kwenye plagi.

Baadaye Leland akataka hendeli ife. Kuna kisa kinasimuliwa sana kwamba rafiki yake, Byron Carter, alisimama kumsaidia mama mmoja gari lilipozima, hendeli ikampiga, akafa, na Leland kwa uchungu akaapa. Kisa kitamu, ila Carter alifariki mwaka 1908 na wasimuliaji wanakiweka karibu 1910. Kwa hiyo chukua na chumvi. Kisichobishaniwa ni kwamba Leland alitaka stata, na wahandisi walimwambia maneno yaleyale ya mashine ya duka: mota ya kuzungusha injini ingekuwa kubwa kama injini.

Kettering alishalijibu hilo swali. Mota ndogo, mzigo mkubwa, sekunde chache. Februari 1911 gari la majaribio liliwaka kwa umeme, na Cadillac za mwaka 1912 zikatoka na stata. Lakini stata peke yake haikuwa ishu kubwa. Wengine nao walishajaribu stata za upepo, za springi, hata za umeme. Kubwa alilofanya ni kufunga vitu vyote kwenye duara moja. Mota ileile iliyowasha injini, injini ikishawaka inageuka jenereta na kuchaji betri. Betri inatoa moto wa plagi, inatoa taa, na kesho asubuhi inatoa nguvu ya kuwasha tena.

Na hapa kuna utani wa historia. Wakati ule magari ya betri yalikuwa yanapendwa mjini kwa sababu hayana hendeli. Stata ikayaondolea sababu. Mota ya umeme ndiyo iliyosaidia kuliua gari la umeme, na ikachukua karibu miaka mia kurudi.

Kwenye pikipiki mambo yalichelewa. Indian walitoa pikipiki ya stata mwaka 1914, betri za siku zile zikashindwa kubeba, wakaiacha haraka. Honda ndiyo waliorudisha jambo hilo kwa nguvu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Injini nyingi za Kichina za 125 na 150 tunazopandia huku zimetokana na Honda CG125 ya miaka ya 1970. Kwa hiyo ukifungua waringi ya bodaboda ya Kisarawe, unakuta duara la Kettering limekaa chini ya tanki: betri, stata, chaji, moto wa plagi.

Sasa turudi kwenye tik tik tik. Pikipiki hizi za kawaida, ukibonyeza stata, umeme mdogo unapita kwenye swichi, unaiamsha rilei ya stata. Rilei ndiyo inayolia tik, na kazi yake ni kuunganisha ile waya nene ya betri na mota. Hakuna CDI kwenye njia hiyo. Kwa hiyo stata isipozunguka kabisa, CDI haina kesi. Ukisikia kimya kabisa, angalia fyuzi, swichi ya kitufe, swichi ya klachi au nyutro, na waya nyembamba za rilei. Ukisikia tik bila kuzunguka, angalia betri, vichwa vya betri, waya nene, na hasa ethi pale inapofungwa kwenye fremu au injini. Vumbi na matope ya barabara zetu vinapenda sana hapo. Stata ikizunguka vizuri lakini injini haishiki, na petroli ipo, hapo ndipo uanze kuongelea plagi, koili, palsa na hiyo CDI.

Lakini kuna mtego mmoja, na huu unaliza wengi. CDI ziko za aina mbili. Moja inapata umeme wake kutoka kwenye koili maalum ya sumaku, hiyo haijali betri. Nyingine inakula umeme wa betri, volti 12. Kwa hii ya pili, betri ikiwa imechoka stata inazunguka kivivu, inafyonza umeme wote, volti zinashuka, CDI inakosa chakula na plagi haitoi moto. Fundi anaona stata inazunguka, anaona moto hakuna, anasema CDI. Unanunua mpya, ugonjwa uleule. Weka mita kwenye betri. Ikiwa imetulia na imejaa isome karibu 12.6, unapobonyeza stata isishuke chini ya kama 9.5, injini ikiwaka na ukivuta mafuta ipande kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda, duara limekatika kwenye chaji, na hata uweke CDI ya dhahabu.

Na kama kweli CDI imekufa, usiangalie umbo la plagi ya waya tu. Hizo aina mbili zinaweza kufanana sura, dukani zinawekwa rafu moja, na ukichomeka ya betri mahali pa ile ya sumaku unaweza kuiunguza palepale. Piga picha ya waya kabla hujachomoa, toa hasi ya betri kwanza, fuata kila waya unakokwenda. Usiamini rangi peke yake, hasa kama pikipiki imeshachomekewa redio, taa za kumulika na chaja ya simu na watu watatu tofauti. Halafu, kama ni CDI ya sumaku, jaribu kuchomoa waya wa swichi ya kuzimia. Swichi ikila shoti, plagi haitatoa moto na CDI itasingiziwa.

Kuhusu kubonyeza stata nusu dakika mfululizo kama kengele ya mlangoni, rudi kwa Kettering: mota ile ilitengenezwa kwa sekunde chache. Sekunde tano, acha, subiri, jaribu tena. Inayobonyezwa bila huruma inaungua.

Turudi kwa mwenyewe. Delco iliuzwa mwaka 1916, ikaishia General Motors, na Kettering akawa mkuu wa utafiti wa GM mpaka 1947. Akawa tajiri wa kutisha, ana hataza 186. Aliongoza kazi ya injini za dizeli za treni. Mwaka 1945 yeye na bosi wake Alfred Sloan wakaanzisha taasisi ya utafiti wa saratani New York, ipo mpaka leo kwa majina yao.

Lakini wadau, msimuweke kwenye malaika. Mwaka 1921, ndani ya maabara yake, msaidizi wake Thomas Midgley aligundua kwamba ukitia risasi kwenye petroli injini inaacha kugonga. Risasi ni sumu, na hilo lilijulikana tangu enzi za kale. Wakaiuza hivyohivyo kwa jina la Ethyl, jina ambalo halitaji risasi popote, na Kettering akawa rais wa kwanza wa kampuni hiyo. Oktoba 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda kimoja cha New Jersey walikufa, wengine wakirukwa na akili. Biashara ikasimama kidogo, kisha ikaendelea. Petroli hiyo iliingia mpaka kwetu. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzo wa 2006, na Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, Julai 2021. Kwa hiyo watoto waliokulia kando ya barabara ya Morogoro, Kibaha, kabla ya hapo walivuta moshi wa uamuzi wa watu wa Dayton. Mtu yuleyule aliyeokoa mikono ya madereva. Mimi nikisoma habari zake sijui nimpigie makofi au nikae kimya.

Alifariki nyumbani kwake karibu na Dayton tarehe 25 Novemba 1958, akiwa na miaka 82. Mji wa jirani ulishapewa jina lake, Kettering, akiwa bado hai.

Na yule dogo wa Mlandizi? Mzee mmoja aliyekuwa anauza vifaa vya baiskeli pembeni alichoka kusikia tik tik. Akaja na spana namba kumi, akafungua ethi ya betri kwenye fremu, ikatoka na kutu nyekundu. Akaisugua kwa kipande cha msasa, akakaza. Dogo akairudisha CDI ya zamani kwa majaribio, akabonyeza. Ikawaka mara moja. Akakimbilia dukani na ile mpya mkononi, akakuta kibao ukutani: vifaa vya umeme vikishauzwa havirudishwi. Tukaenda Mzenga ikiwa kwenye mfuko wa koti lake.