Buster Keaton: Alichekesha dunia na ndoa ya mkwanja, kisha talaka ikamsotesha

Hebu fikiria babu yako amekuachia dola milioni 7, lakini ni lazima uwe umeoa kufikia saa moja jioni. Leo hii! Ukikosa manzi, doh hupati.

Hiyo ndiyo stori ya Seven Chances, filamu isiyo na sauti ambayo Mmarekani Buster Keaton aliitoa mwaka wa 1925. Mamia ya mabibi harusi wanamkimbiza mjini, na jamaa hatabasamu hata kidogo. Mwishowe anamuoa Mary, msupa aliyekuwa radhi kuolewa naye hata bila pesa.

Kwake nyumbani mambo yalikuwa mengine. Mwaka wa 1921 alimuoa Natalie Talmadge, dadake staa Norma Talmadge. Wakapata vijana wawili, wakahamia jumba la kifahari Beverly Hills. Kisha 1928 Keaton akajiunga na kampuni ya MGM, akapoteza usemi juu ya filamu zake. Pombe nayo ikamteka.

Talaka ilikuja 1932. Natalie alichukua jumba na watoto, na baadaye wakaacha jina Keaton wakawa Talmadge. Mwaka uliofuata, MGM wakamfuta kazi. Noma sana!

Lakini usimlilie. Mwaka wa 1940, siku za utajiri zikiwa zimeisha, mcheza densi Eleanor Norris alikubali kuolewa naye. Walikaa pamoja hadi Keaton alipofariki 1966.

Unaona? Mary wake alichelewa tu kufika.