Grand Kallé: maisha ya mwimbaji aliyetafuta vyombo na diski viwe mikononi mwa Wakongomani

Wengi wanamjua Joseph Kabasele, mwenye tuliita Grand Kallé, kwa wimbo mmoja tu: Indépendance Cha Cha. Kila mwaka, tarehe 30 mwezi wa 6 inapokaribia, wimbo ule unarudi kwenye redio, na hata watoto wa Kasongo na Kabambare wanaujua bila kujua nani aliuimba. Lakini maisha yake yako na upande mwingine ambao hauzungumzwi sana, nao ni habari ya vyombo vya umeme. Nani alikuwa mwenye vyombo? Nani alikuwa mwenye studio? Na diski ikiuzwa, franga ilikwenda kwa nani?

Kabasele alizaliwa Matadi, tarehe 16 mwezi wa 12 mwaka wa 1930. Alikuwa wa jamaa moja na Joseph Malula, yule ambaye kisha alikuja kuwa Kardinali wa Kinshasa. Alikulia Léopoldville, akasoma, akaimba katika kwaya ya kanisa, kisha akafanya kazi ya ofisi, ya kupiga mashine ya kuandika. Kwa kijana mweusi wa wakati ule, hiyo ilikuwa kazi ya heshima. Lakini sauti yake ilikuwa laini, na muziki ukamvuta.

Wakati huo, mwanzo wa miaka ya 1950, muziki wa Léopoldville ulikuwa chini ya mikono ya wafanyabiashara. Studio Ngoma na studio Loningisa zilikuwa za Wagiriki, na Opika ilikuwa ya ndugu wa Benatar. Mwenye studio ndiye alikuwa na mikro, mashine ya kurekodi, na mara nyingi hata magitare. Mwanamuziki alikuja na kichwa chake na vidole vyake. Alilipwa kidogo kwa wimbo, akarudi nyumbani, na diski ikabaki kuwa mali ya mwenye duka. Kabasele aliingia Opika kwa njia hiyo hiyo.

Pale Opika njo alipokutana na chombo kimoja cha ajabu. Mbelgiji mmoja, mpiga piano, jina lake Gilbert Warnant, alikuwa akipiga Solovox. Hiki kilikuwa kinanda kidogo cha umeme, kilichotengenezwa Marekani na kampuni ya Hammond ya Chicago kuanzia mwaka wa 1940. Kilifungwa chini ya vidole vya piano ya kawaida, na ndani ya sanduku lake kulikuwa taa ndogo za kioo, kama zile za redio za wazee wetu. Hakikuwa na nyuzi wala mabomba. Sauti ilizaliwa na umeme wenyewe, kisha ikatoka kwenye bafle. Ukibonyeza vifungo vyake, sauti inageuka: mara inafanana na filimbi, mara na fidla. Lakini kilikuwa na mpaka wake: noti moja tu kwa wakati. Ukibonyeza mbili pamoja, haikubali.

Vile vinanda vya umeme ambavyo leo tunavisikia kwenye makanisa yetu na kwenye arusi, vyenye sauti mia na ngoma ndani yake, ni wajukuu wa vyombo vya namna hiyo. Kwa hiyo, mtu asifikiri kwamba muziki wa umeme ulifika Congo jana. Ulikuwa kwenye diski za Opika zaidi ya miaka 70 iliyopita, pembeni ya sauti ya Kabasele.

Mwaka wa 1953 mambo mawili yakatokea. La kwanza, Mbelgiji mwingine, Bill Alexandre, mpiga gitare wa jazz, alifungua studio CEFA Léopoldville na kuleta gitare la umeme. Gitare lile liko na sumaku chini ya nyuzi, imezungushiwa waya mwembamba. Uzi ukitetemeka, unazaa umeme kidogo sana, na ampli inaukuza. Mbele ya hapo, gitare lilimezwa na saksofoni na ngoma. Kwa umeme, likaweza kusimama mbele ya orkestra nzima.

La pili, Kabasele aliunda orkestra African Jazz. Aliwaita vijana wapiga gitare: Tino Baroza, kisha Nicolas Kasanda na kaka yake Charles Mwamba, aliyeitwa Dechaud. Kasanda alikuwa bado mtoto wa shule. Huyo ndiye Docteur Nico, na gitare lake la umeme likawa sauti ya pili ya African Jazz. Nico alitangulia kwa solo, Dechaud akafuata kwa kusindikiza, na Kabasele akaimba polepole mbele ya mikro, bila kupiga kelele. Kazi hiyo ya kugawana magitare ndiyo orkestra zetu zinaendelea nayo hata leo.

Opika ilipofungwa, African Jazz ikahamia Esengo, studio ya Mgiriki mwingine. Bwana alibadilika, desturi haikubadilika.

Mwezi wa kwanza mwaka wa 1960, wanasiasa wetu walikwenda Bruxelles kwenye Meza ya Duara. Kabasele akaenda na kikundi chake, pamoja na watu wawili wa OK Jazz, Vicky Longomba na Brazzos. Walipiga muziki Hotel Plaza. Tarehe ya uhuru ilipokwisha kukubaliwa, ndipo Indépendance Cha Cha ilipotoka, ikitaja viongozi na vyama vyao kwa Lingala. Kati ya majina hayo kulikuwa Lumumba, ambaye watu wa Maniema wanamkumbuka tangu alipofanya kazi Kalima. Redio ikaubeba wimbo kote Afrika.

Mwaka ule ule Kabasele alifanya jambo ambalo kwangu ni kubwa sawa na wimbo ule. Alianzisha nyumba yake ya diski, Surboum African Jazz. Kwa mara ya kwanza mwanamuziki Mkongomani alikuwa mwenye chapa. Nyimbo zilirekodiwa Ubelgiji, kwa mashine nzuri kuliko zile za Léopoldville, na diski zikarudi kuuzwa nyumbani. Hakujifungia peke yake: aliwapa nafasi hata OK Jazz ya Franco, wapinzani wake. Pia alimleta Congo kijana wa Kameruni aliyekutana naye Bruxelles, Manu Dibango, mpiga saksofoni na piano.

Lakini tusimpake mafuta tu. Kabasele aliyekuwa amelalamikia wenye studio, sasa yeye mwenyewe alikuwa mwenye chapa, na wanamuziki wake wakaanza kulalamika juu ya malipo. Mwaka wa 1963 Nico, Dechaud, Rochereau na Roger Izeidi waliondoka, wakaunda African Fiesta. African Jazz haikupona tena sawasawa na zamani. Kabasele alijaribu na wengine, kisha akaishi Paris, ambako alifanya kazi na Manu Dibango katika African Team. Alirudi Kinshasa, afya ikashuka, na tarehe 11 mwezi wa 2 mwaka wa 1983 akafariki, akiwa na miaka 52.

Wanamwita baba wa muziki wa kisasa wa Congo, na jina hilo linamstahili. Kwa vijana wetu wa huku wanaoimba, maisha yake yanafundisha mambo mawili. Kinanda, ampli na bafle vikiwa vya mtu mwingine, siku akikasirika orkestra inalala. Kabasele aliona hilo mapema kuliko wote. Na hata mkifaulu kununua vyombo vyenu wenyewe, kama hamkupatana mbele nani anapata nini, vyombo vitabaki na wapigaji wataenda. Hilo alilijua akiwa amechelewa.